DAFTARI LIKO DUKANI, NYUMBANI HALIPO

Katika kila duka la mtaa wa visiwa hivi, kuanzia Ng'ambo ya Mji hadi Makunduchi, na kuanzia Mkoani hadi Konde, nyuma ya mizani na karibu na kopo la peremende, lipo daftari. Aghalabu ni daftari la skuli lililokwisha kukatika pembe, na kalamu yake imefungwa kwa uzi isije ikachukuliwa. Humo limeandikwa jina la kila nyumba: mama fulani, kilo mbili za mchele na nusu kilo ya sukari, mwalimu fulani, boflo mbili na mche wa sabuni, bwana fulani wa afisini, mafuta ya kupikia, atalipa mwisho wa mwezi. Mwenye duka akitaka kujua mtaa wake unakula nini, unakula lini, na siku gani ya mwezi fedha huwaishia watu, hana haja ya kumwuliza mtu. Hufunua ukurasa akasoma.

Sasa na tumwulize yule mama, yule mwalimu na yule bwana wa afisini swali moja jepesi: je, mwezi uliopita nyumba yako ilitumia shilingi ngapi? Wengi watacheka. Wengine watatazama juu, watahesabu kwa vidole, kisha watajibu, "Nyingi." Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo. Hesabu ya matumizi yetu ipo, tena imeandikwa vizuri. Lakini ameiandika mwengine, na amekaa nayo yeye.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya tunayakariri tangu udogoni, na kwa kuyakariri sana tumeacha kuyasikiliza. Wengi hudhani yanamhusu tajiri mwenye majahazi na mashamba. Wala wazee hawakusema kwamba mali iliyoandikwa haipotei, kwani hata iliyoandikwa huweza kupotea. Walichosema ni kwamba isiyoandikwa hupotea bila ya habari. Mtu anayejua fedha yake ilikokwenda anaweza kuridhika, au kujuta, au kujirekebisha. Asiyejua hana hata njia ya kujuta, maana hajui ajute kwa lipi.

KIKAO CHA MIRATHI

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa katika kikao cha mirathi ya jamaa yake mmoja, mvuvi aliyeheshimika kijijini, aliyefariki ghafla. Utaratibu wa dini yetu unajulikana: kabla warithi hawajagawana hata kijiko, hutolewa gharama za maziko, hulipwa madeni ya marehemu na kutekelezwa wasia wake. Kwa hiyo likatolewa tangazo kwamba anayemdai marehemu na aje. Wakaja watu watatu, kila mmoja na daftari lake kwapani.

Hapakuwa na mtu aliyewadhania ubaya. Wote walikuwa majirani, na wote walisali naye msikiti mmoja. Lakini katika daftari moja mlikuwa na deni la magunia mawili ya mchele ambalo mjane alikumbuka kwamba alilipa yeye, kwa mkono wake, siku moja kabla ya Idi. Aliikumbuka siku, aliikumbuka saa, hata kanga aliyojitanda aliikumbuka. Mwenye duka kwa upande wake akaapa kwamba hakumbuki kupokea. Karatasi haikuwapo. Basi daftari likaishinda kumbukumbu, kama linavyoishinda siku zote, na bangili ya mjane ikauzwa.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa kimya. Kijiji kizima kilijua kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuwasaidia wenziwe. Vijana wengi walianza uvuvi kwa nyavu alizowakopesha. Ni akina nani hao? Kiasi gani? Walilipa ngapi na zilibaki ngapi? Yote hayo aliyaweka kichwani, na kichwa kilikuwa kimekwisha zikwa. Baada ya miaka miwili alitokea kijana mmoja, akabisha hodi kwa mjane, akamkabidhi bahasha na kumwambia kuwa hiyo ni fedha ya wavu wa marehemu. Mwenyezi Mungu amzidishie kijana yule. Lakini si haki mayatima waachwe wakingojea bahati ya kupata mwema mmoja.

Wasomaji wetu wengi wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Inaagizwa humo kwamba deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuliandika likiwa dogo wala likiwa kubwa. Limo pia jambo ambalo hatulizingatii sana: anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Tulinganishe na desturi yetu ya leo. Dukani huandika anayedai, kwa kalamu yake, katika daftari lake, na mdaiwa yupo njiani anarudi nyumbani na mfuko wa mchele. Hatusemi kwamba wenye maduka si waaminifu. Lau wasingekuwa waaminifu, na lau wasingekuwa wavumilivu, nyumba nyingi zingelala na njaa. Tunasema kwamba uaminifu wa upande mmoja ni mzigo mzito kwa huo upande mmoja.

SOMO LA KARAFUU

Visiwa hivi vimekwisha lipa ada kubwa kwa somo hili. Mkarafuu haulipi mshahara. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na miaka inayofuata ukatoa kidogo tu, kana kwamba umechoka. Na mwenye shamba, azae mkarafuu asizae, hula kila siku. Kwa hiyo tangu zama za karne ya 19, na hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa shamba kuu la karafuu, maisha ya mwenye shamba yalikwenda kwa mkopo kati ya mavuno na mavuno. Alikopa kwa kuweka shamba rahani, au kwa bei ya khiyari, yaani kuliuza shamba kwa sharti la kulikomboa, au alikopa juu ya karafuu zilizokuwa bado mtini.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1930, dunia nzima ikiwa katika mdororo wa uchumi na bei ya karafuu ikiwa imeanguka, wenye mashamba wengi walikuwa wamezama. Mwaka 1934 serikali ya himaya ya Kiingereza ikatunga sheria za kuyazuia mashamba yasizidi kuwatoka wenyewe na kuingia mikononi mwa wadai. Ugomvi uliofuata juu ya biashara ya karafuu uliwafanya wafanya biashara wa Kihindi kuigomea biashara hiyo mwaka 1937, na mambo hayakutulia hadi yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya siasa za ugomvi ule, na hilo si shauri letu leo. Sisi tunatazama daftari tu. Madaftari mengi ya wafanya biashara wa wakati ule yaliandikwa kwa Kigujarati. Hiyo haikuwa hila. Mtu huandika hesabu zake kwa lugha yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye shamba hakuweza kuisoma hesabu iliyokuwa ikila shamba lake, wala hakuwa na hesabu yake mwenyewe ya kuilinganisha nayo. Sheria ilikuja kumsaidia akiwa amekwisha fika shingoni. Daftari lingeweza kumwonya maji yakiwa bado magotini.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, wananchi wakagaiwa eka tatu tatu, na karafuu zikawa zinauzwa kwa shirika la serikali. Mambo mengi yalibadilika, ila tabia ya mkarafuu haikubadilika. Katika miaka ya 1980 tulijifunza tena, pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake na bei ya dunia ikaporomoka. Hata katika miaka ya hivi karibuni, kila mwaka wa mavuno mema kule Pemba hushuhudia mabati mapya, makochi mapya na harusi zisizo idadi. Na miezi michache baadaye baadhi ya wenye mabati hayo huonekana dukani wakichukua mchele kwa kuandikisha. Mabati si ubaya, na harusi ni heri. Lililo baya ni kwamba mtu alijenga na akaoza bila ya kujua kwamba nyumba yake hula kiasi gani kwa mwezi, kwa hiyo hakujua ni miezi mingapi ya chakula iliyopanda juu ya paa.

MASURUFU YA AFISI NA MASURUFU YA NYUMBA

Tuwageukie sasa ndugu zetu watumishi wa serikali, ambao wao mshahara wao hauna mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika. Neno masurufu lina maana mbili katika Kiswahili chetu. Afisini, masurufu ni fedha anayopewa mtumishi kwa ajili ya safari au kazi maalumu, na ambayo ni lazima airejeshee hesabu. Nyumbani, masurufu ni fedha na vitu vya matumizi ya nyumba. Neno ni moja, lakini tazama jinsi linavyoheshimiwa upande mmoja na kudharauliwa upande wa pili.

Mtumishi anayetumwa Pemba kwa siku tatu huhifadhi tiketi ya boti, huhifadhi stakabadhi ya nyumba ya wageni, na akirudi hujaza fomu. Asipofanya hivyo huulizwa, na akizidi kukaa kimya hukatwa. Juu yake wako wahasibu, na juu ya wahasibu iko Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kazi yake ni kuuliza kila shilingi ya umma ilikwenda wapi. Mtumishi huyo huyo hupokea mshahara wake ukiwa umekwisha katwa mkopo wa benki na mkopo wa kikundi. Na kile kinachobaki, ambacho ndicho chakula cha watoto wake, hukitia mfukoni bila ya kipande cha karatasi. Ikifika tarehe kumi humwuliza mkewe fedha zimekwenda wapi. Mke naye anataka kumwuliza yeye swali hilo hilo.

Ugomvi huu unajulikana katika kila mtaa. Mume husema, "Niliacha fedha ya kutosha." Mke husema, "Haikutosha." Na wote wawili husema kweli kwa kadiri ya kumbukumbu zao, maana mume anaikumbuka fedha aliyoiacha, na mke anakumbuka bei aliyoikuta sokoni. Samaki wa bamvu hana bei ya samaki wa maji mafu, wala nazi ya Ramadhani haina bei ya nazi ya mwezi mwengine. Nyumba yenye daftari haina haja ya kupandisha sauti. Hufunuliwa ukurasa, na ukurasa hauna hasira.

Hapa pana jambo la adabu la kulitanabahisha. Kwa mujibu wa dini na mila zetu, kulisha nyumba ni jukumu la mume, na mali ya mke ni mali yake. Kwa hiyo daftari la nyumba lisigeuzwe kuwa jasusi wa kuichungua fedha ya mwani ya mama, wala lisiwe hakimu wa kumhukumu mume kwa kila kikombe cha kahawa barazani. Liwepo daftari moja la kinacholiwa na nyumba, nalo lisomwe na wote. Na kila mmoja awe na lake la mali yake, alisome peke yake.

SIMU SI DAFTARI

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya zamani, kwa kuwa simu sasa inaandika kila kitu. Ni kweli kwamba tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, fedha nyingi zimepata habari ambayo hapo kwanza hazikuwa nayo. Ujumbe huja papo hapo: umetuma kiasi hiki, umekatwa kiasi hiki, umebakiwa na kiasi hiki. Ni neema, na mwenye busara ataitumia.

Hata hivyo simu ina upungufu wake. Inajua kwamba umemtumia mtu shilingi 20,000. Haijui kama ulikuwa unalipa deni, unakopesha, au unamchangia kwa matanga. Haioni noti uliyoitoa mfukoni sokoni Darajani. Nayo ikitumbukia baharini, kama simu nyingi za wavuvi zinavyotumbukia, ujumbe wote huzama nayo. Hesabu kamili inabaki kwa kampuni, na kampuni huitazama namna unavyotumia huduma zake ili ijue ikukopeshe kiasi gani, ambapo mkopo huo una ada yake na siku zake chache za kuulipa. Kwa hiyo daftari la dukani limerudi, safari hii likiwa limevaa nguo mpya. Bado ni mwengine anayetujua kuliko tunavyojijua.

NAMNA YA KUANDIKA

Kazi yenyewe si ngumu. Japani, nchi ya visiwa kama sisi, mwanamke mwandishi wa magazeti aitwaye Hani Motoko alitoa mwaka 1904 kitabu cha kuandikia hesabu za nyumbani, kinachojulikana huko kwa jina la kakeibo. Desturi hiyo ikaenea majumbani, na vitabu vya aina hiyo vinaendelea kuchapishwa hadi leo, ijapokuwa nchi hiyo imejaa mitambo ya kila namna. Haikuwa kazi ya wasomi. Ilikuwa kazi ya mama wa nyumbani na kalamu yake.

Kwetu sisi daftari la kawaida la skuli linatosha. Kila ukurasa upigwe mistari, iwe sehemu tatu: tarehe, kitu, na kiasi. Wakati mwema wa kuandika ni usiku baada ya sala ya Isha, siku ikiwa bado haijasahaulika. Dakika tano hazizidi. Kurasa za nyuma zitengwe kwa madeni, upande mmoja tunayodaiwa na upande wa pili tunayodai. Na kila deni la dukani liandikwe nyumbani siku ile ile lilipoandikwa dukani. Mwisho wa mwezi madaftari mawili yakutanishwe juu ya meza ya duka, mbele ya wote wawili. Mwenye duka mwema atafurahi, maana naye amechoka kubishana.

Mwezi wa kwanza mtu asijaribu kubana chochote. Aandike tu, tena aandike kweli, hata lile la aibu. Kinachozidi kuumiza nyumba zetu mara nyingi si gunia la mchele, kwa kuwa gunia kila mtu analiona likiingia. Ni vile vitu vidogo. Tuseme mtu hutumia shilingi 2,000 kwa siku kwa vocha, soda na vitafunio vya njiani. Hizo ni shilingi 730,000 kwa mwaka. Bandu bandu huisha gogo. Na gogo hili hulibandua mwenyewe, kila siku, huku akilalamika kwamba hana kuni.

Mwezi si kipimo cha kila mtu. Mwezi wa kalenda ni wa watu wa mshahara. Tangu kilimo cha mwani wa biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, maelfu ya wananchi wa pwani, wengi wao wanawake, wamekuwa wakifanya kazi kwa kufuata maji: siku za bamvu, bahari inapokupwa mbali, ndipo wanapofika mashambani mwao. Mvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi. Hawa wote na wafunge hesabu zao kwa bamvu au kwa giza, na sio kwa tarehe thelathini. Mwenye mikarafuu yeye afunge hesabu yake kwa msimu: achukue fedha ya mavuno, aigawe kwa idadi ya miezi iliyobaki hadi mavuno mengine, kisha alinganishe jawabu na kile ambacho daftari linasema nyumba hula. Jawabu hilo litamwambia kama yatosha kununua makochi.

Faida kubwa zaidi huonekana mwaka wa pili. Kila mwaka Ramadhani hutukuta kama mgeni asiyetoa habari, ilhali ni mgeni anayejulikana kuliko wote. Mwenye daftari la mwaka jana anajua tende, sukari, tambi na nguo za sikukuu zilimgharimu kiasi gani. Tena mwezi huo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya jua. Kwa hesabu za mwandamo, mwaka 2030 unatarajiwa kuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja mwanzoni mwa Januari na wa pili mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba futari, ada na sare za skuli vitabisha hodi mlango mmoja wiki moja. Anayejua gharama zake anaweza kuanza kuweka mapema katika kibubu. Asiyejua atakwenda dukani, na daftari la dukani litakuwa limemngoja.

WAJIBU WA SERIKALI

Itakuwa si uadilifu kumtwisha mwananchi mzigo wote huu peke yake. Daftari haliongezi mshahara, wala halishushi bei ya unga. Nyumba ambayo kipato chake hakifikii chakula, kasoro yake haitatibiwa kwa kalamu. Lakini hata nyumba hiyo itanufaika, maana itaweza kusema kwa idadi kile ambacho leo inakisema kwa malalamiko. Na kiongozi msikivu huelewa idadi upesi zaidi.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa wenye mamlaka. La kwanza, hesabu za matumizi ya nyumbani zifundishwe kwa vitendo skulini, sio katika somo la sayansi kimu pekee na sio kwa wasichana pekee. Mtoto wa kiume ndiye atakayekuwa na jukumu la kulisha nyumba. Ni ajabu kumpa jukumu na kumnyima hesabu yake.

La pili, kila anayekopesha, iwe benki, kampuni ya simu au kikundi, alazimike kumweleza mkopaji kwa Kiswahili chepesi na kwa maandishi makubwa: umechukua kiasi gani, utarejesha jumla ya kiasi gani, na lini. Tulikwisha pita katika zama ambazo mdaiwa hakuweza kuisoma hesabu yake. Haifai turejeshwe huko kwa herufi ndogo.

La tatu, kila anayenunua mazao ya mwananchi, yawe karafuu au mwani, ampe muuzaji stakabadhi inayosomeka, yenye uzito, bei na jumla. Na taasisi za umma ziwalipe wanaozihudumia kwa wakati. Mtu hawezi kupanga fedha asiyojua itakuja lini. Fundi anayelipwa miezi sita baada ya kumaliza kazi ya serikali huishi miezi hiyo sita kwa daftari la dukani, na hasara hiyo hutokana na afisi, sio na yeye.

Tusidhani kwamba watu wetu hawaliwezi jambo hili. Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyokutana katika shehia zetu, kwa mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima, vinaendeshwa na akina mama ambao baadhi yao hawakumaliza skuli. Wana kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali. Kila mwanachama ana kitabu chake, na kila hisa hupigwa muhuri mbele ya wote. Kwa fedha ya kikundi wamekuwa wahasibu hodari. Kilichobaki ni kukitoa kile kitabu kwenye kisanduku na kukifikisha jikoni.

Tunamaliza pale tulipoanzia. Msomaji akitoka leo jioni na apite katika duka lile lile la mtaani, aombe daftari moja la skuli na kalamu. Usiku aandike mstari wa kwanza: tarehe ya leo, daftari na kalamu, na bei yake. Ila tunamnasihi jambo moja: hilo daftari asiandikishe. Alilipie taslimu.